Alama Tisa Sizibadilishi

Nyumba za Walimu, Mlango wa Tatu,
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Leo saa nne asubuhi mwalimu mkuu ameniambia nibadilishe alama tisa ziwe kumi na saba, la sivyo muhula ujao nikafundishe kwingine. Nimemjibu kwamba sibadilishi. Hayo ndiyo mapya. Sasa nirudi kwenye adabu. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Goti limepona, au bado unapanda ngazi kwa kushika ukuta? Huku tu wazima. Mama kikohozi kimemwacha, ulimi bado anao.

Nilikuandikia kwamba nimeacha kuwakaririsha kidato cha tatu sentensi za Kiingereza, nikawapa miradi. Safari hii walitunga kijitabu cha Kiingereza cha kumwongoza mgonjwa mgeni katika hospitali iliyo jirani na shule: ajiandikishe wapi, asubiri wapi, dawa achukue dirisha gani. Wanafunzi arobaini na mmoja, makundi manane. Walihoji, wakaandika, wakafuta, wakaandika tena. Nakala sita ziko mapokezi na zimeanza kuchakaa.

Muhula uliopita nilikosea. Niliwapa wote wa kundi alama ileile, wavivu wakala jasho la wenzao. Sasa kila mmoja ana daftari la kazi yake, siku kwa siku, kisha namketisha peke yake dakika tano namuuliza kwa Kiingereza. Alama ni ishirini: nane za kundi, kumi na mbili za mtu mwenyewe.

Yupo kijana wanayemwita Profesa. Mtihani wa kuchagua majibu humtoa wa kwanza kila mara, na baba yake ni mwenyekiti wa bodi ya shule. Sehemu yake ilikuwa dirisha la dawa. Nilipomuuliza alimhoji nani pale, alitazama dari.

"Mwalimu, hilo halikuwa kwenye notisi."

Daftari lake lina siku moja. Mfamasia hajawahi kumwona. Aliyefika, mara tatu, ni binti wa kundi lake. Kundi lilipata saba. Nikamwongezea Profesa mbili, kwa sababu alinisalimia vizuri. Yule binti, ambaye kwenye mitihani huwa wa thelathini, alipata kumi na moja zake. Jumla kumi na nane.

"Wa thelathini anampitaje wa kwanza?" mwalimu mkuu aliniuliza. "Kipimo chako kibovu." Nikamwekea madaftari yote arobaini na moja mezani. Hakufunua hata moja.

Mwenyekiti naye alinifuata ofisi ya walimu. "Dada, mwanangu ni wa kwanza tangu chekechea." Nikamwambia, "Basi, mzee, dakika tano hazitamshinda." Mwalimu wa hesabu alijifanya anapiga chafya.

Mama ameniuliza kama nina akili timamu. Nimemjibu kwamba maji nimeshayavulia nguo, sharti niyaoge. Na wewe, tafadhali, usimpigie simu yule rafiki yako wa wizarani. Sitaki kuombewa, maana sijakosa.

Wote waliopata chini ya kumi niliwapa nafasi ya kurudia sehemu zao, na Profesa ni mmoja wao. Leo mchana nimemkuta kwenye foleni ya dirisha la dawa, daftari mkononi, nyuma ya wagonjwa kumi na wawili. Hakuniona, nami nikapita. Baba yake anataka apewe alama. Inaelekea mwenyewe ameamua kuzitafuta.

Msalimie wifi, na yule mtundu wenu mwambie shangazi yake hajasahau deni la barua. Mungu akulinde ugenini na akunyooshee goti.

Nilishamwandikia mkaguzi wa elimu tangu wiki iliyopita, na amekubali kuja. Alhamisi tarehe 18, saa tatu kamili asubuhi, atamuuliza Profesa mwenyewe mbele ya mfamasia, mimi nikiwa nje. Akijibu, nitaziandika alama mpya kwa mkono wangu. Asipojibu, tisa zinabaki, na barua ya uhamisho wailete.

Mdogo wako akupendaye na asiyebanduka,
Mwalimu wa Kiingereza