Soksi za Mkaguzi

Jumatatu, 4 Machi

Leseni ya muda imetoka! Kwenye picha nimekunja uso kama niliyemeza dawa chungu. Kazi ya kwanza ya kusaini mwenyewe: umeme wa chumba cha mitambo ya mtandao hospitalini, kwenye uwazi ulio chini ya sakafu ya vigae vya kuinuliwa. Mtandao anaufunga mume wangu, Baba Pacha. Mafundi wamenitania mpaka basi. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Akiikataa kazi, leseni inarudi kwa waliyoitoa na mimi narudi kwa bosi.

Jumatano, 6 Machi

Soketi zangu zote zimefungwa imara huko chini. Zinapendeza! Kumbe Baba Pacha kaongeza mtambo kona ya mlangoni bila hata kuninong'oneza. Umeme kautoa wapi? Ekstensheni! Chini ya sakafu, pale pale kanuni inapokataza. Na kwa unadhifu wake, kaiviringisha ikabana vizuri — ndivyo inavyozidi kupata moto. Nimesema aitoe, namfungia soketi yake kesho. Kaapa. Jioni kaosha vyombo bila kuombwa.

Alhamisi, 7 Machi

Soketi ya kona tayari. Pacha wana mafua, wanapiga chafya kwa zamu. Nimemuuliza baba yao kuhusu ekstensheni. Eti mambo shwari. Nikaamini, sikuinua kigae.

Ijumaa, 8 Machi

Mkaguzi ni mzee mkimya. Kavua viatu mlangoni — nikadhani ni heshima. Wapi! Anatembea na soksi, kigae kwa kigae, anasikilizia joto kwa nyayo. Soketi zangu kazipita akitikisa kichwa kukubali. Nikavimba kichwa. Kona ya mlangoni kasimama, kakanyaga tena.

"Hapa pana joto, mwanangu."

Baba Pacha akatazama dari.

Mara simu ya mzee ikalia, akatoka kuongea. Baba Pacha kaninong'oneza yote: mtambo ukizimwa, mapokezi hawasajili wagonjwa, akawa anangoja wapungue. Hawakupungua. Sasa anataka kuichomoa ekstensheni haraka haraka kabla mzee hajarudi.

Nikamwambia, "Hapana. Juu yetu kuna wodi ya watoto. Aione mwenyewe."

Hapa naandika nimekaa juu ya kigae chenyewe, Baba Pacha asije akakiinua. Kweli kina joto! Kicheko kinanibana. Nampenda huyu mtu, lakini leo atanitambua.

Mzee kamaliza simu, nasikia soksi zake zikiburuza koridoni. Baba Pacha kaacha kubembeleza. Kaja kukaa kando yangu, kigae hicho hicho.