Sarafu ya Jumba Iliyotutoka

San Lorenzo de El Escorial,
Hispania.
9 Mei 2016.

Mpendwa Shangazi Visitación,

Pokea salamu zangu kutoka huku mlimani. Hujambo huko Argentina? Magoti yamepoa? Sisi wazima wa mwili, ila moyo wangu hauna raha, na sina mwingine wa kumlilia.

Ndoa ni tamu, Shangazi! Eloy wangu huniamsha kwa kahawa na busu. Aliponimiminia mikononi zile sarafu kumi na tatu mbele ya padri, kama ilivyo desturi ya bwana harusi wa huku, nililia kama mtoto. Ni zile za yuro mbili zenye picha ya jumba la wafalme la hapa kwetu. Marehemu baba mkwe alikuwa mlinzi humo. Mwaka zilipotoka, alimsumbua kila mwenye duka amrudishie chenji ya "jumba langu" mpaka zikatimia. Sasa ni zamu ya wifi yangu Casilda kumiminiwa sarafu hizohizo, maana anaolewa Jumamosi hii.

Nami nilikuwa nimempa Eloy moja aitie mfukoni, ili harusi yetu itembee naye. Mapenzi, Shangazi!

Juzi, tukiwa dukani, akaitumbukiza kwenye tundu la toroli, maana halifunguki bila sarafu, wala hakuitazama. Tulipomaliza, babu mmoja akataka kutupatia sarafu yake ili achukue toroli letu pamoja na iliyomo. Eloy akacheka: "Kaa nayo, babu, sisi maarusi!" Tukaenda zetu tumekumbatiana. Nyumbani akapapasa mfuko, akawa mweupe kama unga: ile ya harusi ndiyo tuliyoiacha kwenye toroli.

Tulirudi tukakagua kila toroli. Mlinzi wa duka akatucheka: "Mnalilia yuro mbili? Na hiyo harusi mliilipaje?"

Eloy akanunua nyingine Madrid, kwa wauza sarafu. Picha ileile, mwaka uleule, lakini inang'aa mno. Akaisugua kwa majivu na siki ili ionekane kuukuu.

"Mpenzi, padri hatazichunguza."

"Mama yako je?"

Akaendelea kusugua. Mama mkwe huzifuta mojamoja kwa kitambaa, huku akizungumza na marehemu mumewe.

Silali, Shangazi. Mama huyu amenipenda kama amenizaa. Jioni hii anakuja kuchukua kisanduku cha sarafu, na Eloy ananisihi nifunge mdomo. Lakini nikimsikia akimsemesha mumewe juu ya sarafu ambayo marehemu hakuigusa kamwe, nitakaaje tena mezani pake?

Nimeitoa ile mpya. Nitampa kumi na mbili, nimweleze mwenyewe, kabla Eloy hajarudi kutoka kazini.

Nisalimie binamu Telmo na Brígida. Mungu awafunike kwa rehema zake, nawe uniombee sana.

Mwanao akupendaye kwa moyo wote,
Leocadia