Baba Koku, Mwanao Sasa Anasoma Mchana

Baba Koku wangu,

Najua ungenicheka. Mkeo aliyekuwa mvivu hata wa kukuandikia ujumbe wa simu, leo amekaa barazani na kalamu mkononi kama karani. Si kwamba nimekuwa msomi. Kuna jambo la mwanao ambalo nilitaka ulisikie wewe kwanza, ingawa barua nimeiacha wazi, na yeyote mwenye mtoto wa shule aisome tu.

Unazikumbuka jioni zetu hapa Kamuli? Mbuzi wameshafungwa, ndizi ziko motoni, na wewe umeketi mkekani na Koku katikati ya magoti yako. Ulimsimulia kwa Kinyambo ukichanganya na Kiswahili, na kila mnyama ulimpa sauti yake. Fisi wako alikuwa na kikohozi. Sungura wako aliongea kama mjomba wangu wa Muleba, na ulijua kabisa kwamba nakusikia. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga maharage, najifanya sina habari nawe, kumbe nacheka peke yangu.

Lakini binti yako akikuomba hadithi mchana, ulimkatalia. "Hadithi ya mchana inapoteza, mama," ulimwambia. "Ukisimulia jua likiwa juu, aliye njiani harudi." Kwenu kwenye ng'ombe ndivyo mlivyolelewa, kwamba wachungaji wakikaa kusimuliana mchana, jioni zizi halijai. Mimi mtoto wa dukani nilikutania kwamba wazee wenu walibuni hayo ili vijana wasizembee malishoni. Ulicheka, nami nikacheka. Hakuna kati yetu aliyemwangalia mtoto kuona kama naye anacheka.

Koku sasa yuko darasa la tatu. Mapema mwaka huu mwalimu wake wa Kiswahili, binti mpole wa kutoka Kiruruma, aliniita shuleni. Alinipa shikamoo, akanivutia kiti, nikajua hapo hakuna habari njema. Akasema Koku hesabu anafanya, na kilichoandikwa ubaoni ananakili vizuri, ila akipewa kitabu cha hadithi anafunga mdomo kabisa. Walimu wenzake walikuwa wanaona hajui kusoma, na kwamba afadhali arudishwe darasa la pili.

Nilirudi nyumbani njia nzima nikigombana na wewe, eti kwa nini uliniachia mzigo huu peke yangu. Nilikusema sana siku ile, Baba Koku.

Yule binti hakukata tamaa. Nilidhani atamchapa, wapi, alianza kumtafutia hadithi za kila namna. Alimpa kitabu cha picha tupu, kisicho na neno hata moja, aeleze tu anachokiona. Koku kimya. Akawapanga watoto waigize hadithi ya kuku na mbweha, na mwanao akakubali kuwa mti, kwa sababu mti hauna maneno ya kusema. Akawaletea hadithi za kusikiliza kwenye simu, Koku akaziba masikio. Mwishowe akampa vibonzo aje navyo nyumbani. Nilipoviona nilinuna, nikaenda kumuuliza tangu lini mtoto asiyejua kusoma akasaidiwa na michoro ya kuchekesha.

"Mama Koku," alinijibu taratibu, "kuna mtoto anayeanza kupenda hadithi kwa picha, mwingine kwa kusikiliza, mwingine mpaka acheze mwenyewe. Wako bado hatujajua anapendea wapi. Naomba uniache nijaribu."

Nikamwacha. Jioni ileile, mbuzi wameshafungwa, niko jikoni, nikasikia fisi anakohoa.

Nilidondosha mwiko. Nilitoka mbio, sijui hata nilitegemea kumkuta nani. Alikuwa Koku mkekani, kaviweka vibonzo mapajani, anasoma neno kwa neno bila kukwama, na kila mnyama kampa sauti uliyokuwa ukimpa wewe.

"Kumbe unajua kusoma?" nikamuuliza.

"Najua."

"Mbona shuleni husomi?"

"Shuleni ni mchana."

Niliketi palepale chini. Alichezea ncha ya kitenge changu, kisha akalitoa la moyoni. "Mama, ile siku mimi nilimsomea Baba mchana."

Wewe unaikumbuka hiyo siku. Ulikuwa kitandani na homa zako, yeye katoka darasa la kwanza na kitabu chake cha kwanza cha hadithi, na wewe mwenyewe ndiye uliyemwomba. "Nisomee, mama. Leo tu." Alikusomea akijikwaakwaa, mimi nakupoozea uji. Alasiri likaja gari la kukupeleka hospitali, na hukurudi tena. Mtoto mdogo vile, tangu siku hiyo alijua moyoni mwake kwamba yeye ndiye aliyekupoteza, na hakumwambia mtu.

Nililia, sikujificha. Nilimpakata mtoto mkubwa yule kama kichanga, nikamwambia kwamba ugonjwa uliokuchukua ulikuwa mwilini mwako kabla yeye hajajua hata a, e, i. Nikamwambia ulivyokuwa ukitabasamu ukimsikiliza. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zake zote, lakini hakuniamini. Nilimwona usoni kwamba hakuniamini.

Kesho yake nikampelekea mwalimu habari yote. Alifuta macho kwa kiganja, akafikiri kidogo. "Basi njoo usome wewe, mama. Mchana. Aone."

Nilichagua siku ya mnada wa Isingiro, kwa sababu siku hiyo lazima niende mbali nirudi. Mikungu yangu ya ndizi za kuuza niliitanguliza, mimi nikapita shuleni saa sita. Wewe unajua kusoma kwangu, kidole lazima kifuate mstari. Nilisoma hivyohivyo mbele ya darasa zima, na nilipomwigiza kuku aliyekosa mayai yake watoto waliangua kicheko. Koku hakucheka. Aliniangalia kama mtu anayeona nyumba inaungua. Nilipomaliza nilimwambia mbele ya wenzake kwamba naenda mnadani na jioni nitarudi, nikapanda pikipiki.

Na si ndiyo pikipiki ikapata pancha wakati wa kurudi. Jua linazama, kijana wa bodaboda anahangaika na gurudumu, mimi nazunguka barabarani kama niliyepagawa. Aliniuliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Nikamwambia ndiyo, yupo.

Nilimkuta Koku kasimama kwenye kona ya kibanja chetu, mwisho wa migomba, na sare ya shule bado mwilini. Hakunikimbilia. Alikuja polepole akanishika mkono, akaubonyeza, kama unavyobonyeza parachichi kujua kama limeiva.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudi, mwanangu."

Hakuniachia mkono hadi mlangoni, na usiku huo alikula mara mbili.

Sikudanganyi kwamba kesho yake alisimama darasani akasoma. Alianza na kile kitabu kisicho na maneno, akanong'ona kidogo. Kisha vibonzo. Kwenye igizo lililofuata alikataa kuwa mti, akataka kuwa mbweha, na naambiwa alimng'ata kuku kwelikweli. Habari ya kurudi darasa la pili imekwisha. Jioni bado namsimulia zile za kwako kwa Kinyambo changu kibovu, ananisahihisha kila sentensi, kichwa kigumu kama baba yake. Nakukumbuka sana saa hizo. Natamani ungekuwepo uzisimulie mwenyewe, mimi nirudi jikoni kwangu.

Jana ilikuwa siku ya mnada tena, na shule zimefungwa. Nilipokuwa najifunga kitenge mlangoni, yeye alikuwa ameketi kizingitini na kitabu kinene alichoazimwa na mwalimu, maandishi matupu, hakina hata picha ya kuku.

"Mama, utarudi?"

"Nitarudi."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akakifungua, na kabla sijafika barabarani nikamsikia anasoma kwa sauti, jua liko utosini. Nilipunguza mwendo ili nimsikie, na pikipiki ikanisubiri.

Pumzika huko kaburini kwako migombani, mume wangu. Mtoto hakukupoteza, na sasa naye analijua hilo.

Mkeo,
Mama Koku