Baba Mkwe Amesahau Mwiko

Mbeya, huku mlimani

Dada yangu Skolastika,

Kamwene! Iringa mnaendeleaje? Mguu wa mama umepoa, au bado anaficha maumivu apate kwenda shamba? Mimi mzima, na aliye tumboni anapiga mateke kama ana ugomvi na mtu. Barua yako nimeipata. Unasema kaka atakuja kunichukua nijifungulie nyumbani. Nililia kwa furaha, kisha nikalia kwa sababu siwezi kuja. Nisikilize kwanza kabla hujakasirika.

Unajua nimeolewa kwa Wanyakyusa. Kwetu heshima kwa baba mkwe ni kupiga magoti. Huku heshima ni kukimbia. Nisimwone, asinione, hata jina lake nisilitaje. Akikohoa njiani, natumbukia migombani na kujifunika khanga kichwani. Wanasema mkamwana akivunja mwiko huu mimba yake haifiki, na wewe unajua ile ya kwanza ilivyoharibika.

Mama mkwe alipokuwa hai, chakula cha mzee alikipeleka yeye. Sasa ni marehemu, shemeji yako yuko Chunya anachimba dhahabu asiyoiona, na hapa tumebaki mzee na mimi. Basi nikawa naweka bakuli mlangoni pake, napiga makofi, natimua mbio na tumbo hili! Mzee anatoka, analitazama bakuli, halioni. Anapapasa pembeni, anashika kivuli cha kigoda. Kuku wanakula, nami nachungulia migombani roho ikiniuma.

Nilidhani ni upofu. Jirani akampeleka zahanati, dresa akamwonyesha vidole, mzee akavihesabu vyote bila kukosea.

"Macho mazima," dresa akasema. "Huko nyuma ya macho ndiko kumechoka." Dawa hakutoa.

Halafu mzee akaanza kunifuata. Aliniona nachuma majani ya maboga, akaita, "Sekela! Mbona unanikimbia?" Sekela ni dada yake, alikufa zamani. Nikikimbia, anakuja nyuma akilia kama mtoto. Siku moja ya mvua nilikimbia hivyo hivyo, akateleza akatumbukia mferejini, uso majini. Ningefanyaje, dada? Nilirudi. Nilimshika baba mkwe wangu kwa mikono yangu hii, nikamvuta, nikamfuta tope usoni.

Akacheka. "Sekela, umenenepa."

"Ndiyo, kaka," nikamjibu.

Tangu hapo mimi ni Sekela. Namlisha mlango ukiwa umefungwa, majirani wasione. Tumbo likikaza kidogo tu, namwomba Mungu msamaha. Nikimwacha atakufa njaa. Nikimlisha, naogopa kumzika mwanangu. Nimenaswa, na mtego wenyewe una jino moja na unanichekea!

Jana nilikuwa nampa ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Akaacha kutafuna. Akanitazama usoni, kisha tumboni, kisha usoni tena. Akavuta blanketi akajifunika uso, akageukia ukutani. Alinijua! Nikaganda na bakuli langu. Nikajua sasa ataita watu, nirudishwe kwetu na aibu yangu.

Hakuita mtu. Alisema polepole, na hakuwa akisema na mimi, alisema na ukuta: "Wewe ukuta, mwambie mkamwana wangu, ndaga. Mwambie asante. Mwambie mtoto atazaliwa mzima, mwiko huu nimeuvunja mimi."

Nikatoka kinyumenyume, khanga kichwani, machozi yananitiririka. Bakuli nililomwachia alilisukuma, hakula tena. Nilikaa jikoni nikijiuliza kama kesho atakubali kula, na kama hatakubali, nani mwingine atamlisha badala yangu.

Jioni nikasikia, "Sekela! Ndizi zangu ziko wapi?" Nikazipeleka mbio.

Kwa hiyo kaka asije. Mwambie ampalilie mama mahindi badala ya kuja kunifuata. Mama nisalimie, umwambie mguu asiufiche. Shangazi mfinyanzi mwambie chungu chake bado kizima, ndicho ninachompikia mzee. Shemeji mumeo naye asinicheke, maana najua atacheka.

Mkienda kanisani mniombee nijifungue salama. Lakini mzee, dada, msimwombee akumbuke. Akikumbuka, nani atamlisha?

Mdogo wako akupendaye,
Agnesi