Mzabibu wa Mama na Kisu cha Padri

Kamina, 14 Machi 1954

Mpendwa mdogo wangu Banza,

Tumsifu Yesu Kristo. U mzima huko Jadotville? Je, kifua cha mke wako Ngoie kimepona? Sisi ni wazima, ila goti langu husumbua mvua inapokaribia. Barua yako haikuwa na tarehe. Usirudie.

Nakuandikia kwa kuwa nimechanganyikiwa, na jambo lenyewe ni letu sote wawili.

Unajua kwamba mizabibu ya misheni inakufa. Padri Amédée asema ni kuvu: huingia palipokatwa, huozesha shina kwa ndani, na majani hukauka baadaye. Basi alitaka kujua ni aina gani hushikwa upesi, nyeusi au nyeupe. Alichanja mashina mazima ya aina zote mbili, akapaka vidonda unga wa mti uliooza. Kuwapa wazima ugonjwa kwa makusudi! Nilishika kopo la unga ule, wala sikuelewa. Aina itakayoshindwa itang'olewa na kuchomwa kila mahali, hata majumbani.

Mzabibu aliotuachia marehemu mama, ule ulio nyuma ya jiko, ni mweupe.

Mwezi uliopita myeusi ilikauka. Myeupe ilistawi. Padri alifurahi, nami nikamshukuru Mungu.

Jioni ile mke wangu Kabedi alicheka mpaka akaweka sahani chini. Alikuwa amepaka mpemba, ule udongo mweupe tunaowapaka wagonjwa, juu ya vidonda vya myeupe yote. Nilimkaripia.

“Ee Baba Noé,” akaniambia, akiniita kwa jina la mwana wetu, “ile njo bandugu ya muti ya mama mukwe. Weye unakata bantu kidonda, kisha unaangalia tu?”

“Na myeusi?”

“Ile miye sijue jamaa yake.”

Sasa sijui kilichoiponya. Ni nguvu yake, au ni udongo? Nikinyamaza, Padri atapanda myeupe kila mahali, na huenda yote ikaoza. Nikisema, mzabibu wa mama uko hatarini.

Mwishowe nilisema. Padri aliomba kujaribu upya kwenye mti ambao mkono wa Kabedi haujaugusa. Mweupe wa namna hiyo umebaki mmoja tu: wa mama. Nilikubali bila kukuuliza. Unisamehe.

Atakuja Jumamosi na kisu chake. Nimemkataza Kabedi asiusogelee. Lakini leo asubuhi nimeona kisahani cha mpemba nyuma ya mlango wa jiko, umeshalowekwa. Mimi mwalimu, niliyefundisha watoto wa watu utii kwa fimbo nimekitazama kitambo, kisha nimeufunga mlango taratibu. Sikukimwaga.

Niombee, kwa maana mimi sijui niombe nini.

Nisalimie Ngoie na binti yenu Phébé. Kabedi anawasalimu kwa kicheko chake. Mungu awafunike ninyi nyote kwa mkono wake.

Ni mimi yaya wako, kaka yako mkubwa, nikupendaye hata ninapokukemea,

Manassé Mwanza