Bwawa la Nusu kwa Nusu

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimetia mkono bwawani nikautoa mbio. Barafu! Na daktari wa viungo amesema waziwazi: nyonga ya Mama, aliyoivunja alipoanguka, imeunga vizuri, sasa inataka kutembezwa, na itembezwe ndani ya maji ya uvuguvugu, maana majini mwili hauna uzito. Akilala kitandani msimu huu wote wa baridi, miguu itasahau kazi yake na hatasimama tena. Aliyasema hayo Mama anasikia. Mama akaangalia ukutani.

Bwawa tunalo, nyuma ya nyumba. Baba alilichimba enzi zake za ukandarasi, kwa majivuno tu, Mungu amrehemu. Alipofariki, nyumba ikakatwa kwa ukuta katikati: huku mimi na Mama, kule kaka na mkewe. Bwawa halikukatika. Nusu yetu, nusu yao.

Nimemwambia wifi kupitia dirisha kwamba nataka kulipasha moto. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Wifi, mnapika supu? Basi mtuite na mabakuli!" Kaka alikuwa nyuma yake, kama mgeni nyumbani kwake. Yeye anataka lifukiwe ajenge gereji.

Nimesali kabla ya kuandika. Bado nina hasira.

Jumatano, 5 Juni

Fundi bomba amekuja. Hita ya umeme? Amesema nitauza nyumba kulipia umeme. Ya gesi — hivyohivyo. Kwa mtu wa hali yangu kilichobaki ni jua: mabomba meusi ya plastiki, yazungushwe kama konokono juu ya paa la jikoni. Pampu inavuta maji bwawani, yanapanda, yanazunguka juani, yanarudi. Na bwawa lifunikwe kwa plastiki ya mapovu, ile wanayofungia vyombo vya kioo, maana joto linatorokea juu. "Bila mfuniko, mama, unapasha moto mbingu."

Mbingu hazina shida. Nimemwambia alete mabomba.

Jumamosi, 8 Juni

Mabomba yako juu. Jiko langu limevaa kilemba cheusi! Pampu inanguruma — kwa umeme wangu. Mfuniko nimeuunga mwenyewe, vipande viwili, kimoja kila nusu. Nusu ya kina wifi nikaifunika pia. Kwa upole kabisa, nimeutandika kama shuka la mgeni.

Mchana natoka — upande wa kule hakuna! Wifi ameukokota ule wa kwake, ameuanika kwenye kamba yake ya nguo. Nikamuuliza kulikoni. Eti nusu yake inataka kupumua.

"Maji yana pua?"

"Hayana, wifi. Yana mwenyewe."

Nilifunga mlango kwa kishindo mpaka picha ya Baba ukutani ikainama.

Jumapili, 9 Juni

Mahubiri yalikuwa juu ya kumpenda adui. Mhubiri alikuwa akinitazama mimi, nina hakika. Nikasema amina, ila kwa sauti ndogo.

Narudi, mfuniko wa kule bado uko kambani. Nimefunika upande wangu kwa faida gani? Joto langu lote linatorokea kwao. Nimemfuata kaka getini. Nikamuuliza, mama aliyekuzaa asiposimama tena, utamtazama usoni? Akasema nisimletee maneno, niongee na mwenzangu.

Mwenzangu! Tangu lini?

Jumanne, 11 Juni

Nimepata dawa yao, Mungu ni mwema. Pazia! Nimeshona turubai zito, nikatia mawe kwenye pindo, nikalining'iniza katikati ya bwawa, ukingo hadi ukingo, mpaka karibu na sakafu. Joto langu libaki kwangu. Wao wapumue na baridi yao huko.

Nilipokuwa nalifunga, wifi alitoka na kikombe cha chai, akavuta kiti, akakaa kutazama kama yuko sinema.

"Ukimaliza hapo, wifi, utagawa na hewa?"

"Ikibidi."

"Basi nigawie ya asubuhi. Ya jioni ina moshi wa jiko lako."

Nilikuwa na sindano mdomoni, na afadhali ilikuwepo.

Jioni Mama aliniuliza kama ni kweli tumefikia kuwekeana mapazia. Nikamwambia ni kwa ajili yako, Mama. "Usinibebeshe," akasema.

Alhamisi, 13 Juni

Jana na leo jua limewaka kweli. Nikasema leo ndiyo leo. Nikashuka mimi kwanza, nipime, kabla ya kumwingiza Mama.

Yesu wangu! Baridi ileile. Hapana — kuliko ile! Nimesimama maji kiunoni, meno yanagongana, nasikia nyuma ya pazia mtu anaimba. Wifi! Anaogelea! Wifi ambaye hata wakati wa joto hatii kidole humo!

"Wifiii! Mungu akubariki! Maji kama ya kumwogeshea mtoto mchanga!"

Nikampigia fundi simu kwa makelele. Amekuja, amechungulia, amekuna kichwa. Kumbe Baba alitoboa tundu la kuvuta maji upande wetu, na la kuyarudisha upande wa kule. Fundi aliyakuta mabomba ya zamani akaunganisha humohumo. Kwa hiyo: pampu yangu inavuta maji baridi kwangu, inayapandisha juu ya paa langu, kwa umeme wangu, yanapata moto, yanamwagwa kwa wifi. Na pazia langu — nililolishona mimi, kwa vidole hivi! — linayazuia yasije huku. Yanapenya chini tu, kwenye mawe, yakiwa yameshapoa.

Nikamuuliza mbona hukuniambia.

"Mama, ulisema nipashe maji. Hukusema ya nani."

Mungu nisamehe, nilishakunja ngumi.

Na ule mfuniko? Wifi ameurudisha! Nusu yake imefunikwa pembe kwa pembe, hakuna hata mkunjo. Siku hizi maji yake hayahitaji kupumua.

Jumamosi, 15 Juni

Kaka amebisha hodi. Mlango huu hajaugusa tangu ukuta ujengwe. "Mdogo wangu, toa pazia, maji yachanganyike, tumwingize Mama." Basi, hayo tu.

Nikasema nitalitoa wifi akiniomba radhi kwa ule mfuniko.

Akaenda. Nikamsikia wifi ng'ambo ya ukuta, makusudi kwa sauti ya kunifikia: radhi ya nini? Aanze yeye, na la pazia!

Kaka hakurudi. Pazia halijatoka. Mama hajaingia majini. Leo kumwinua tu aketi tumehangaika, mguu umekaza kama ubao.

Nimepiga magoti nikamwombea wifi abadilike. Nimemwombea vizuri sana, kwa kirefu.

Jumatatu, 17 Juni

Nimetoka dukani — kitanda cha Mama kitupu! Nikadondosha mfuko, mayai yote yakavunjika. Kumbe amemwita kaka dirishani. "Nipeleke kwenye maji moto." Kaka akambeba mikononi, wakatokea mlango wa nyuma, wakaenda kule.

Niko jikoni, dirishani. Nawaona juu ya pazia. Wifi amemshika Mama mikono yote miwili, anarudi kinyumenyume, Mama anamfuata. Hatua. Nyingine. Ule mguu mbovu unanyanyuka! Asante Mungu. Unanyanyuka!

"Taratibu, mama yangu, hatuwahi basi."

Mama anacheka! Tangu aanguke sijakisikia kicheko hicho. Anamwambia wifi, "Usiniachie, mwanangu."

Mwanangu. Na mimi ni nani?

Kaka ananiita: "Mdogo wangu, njoo, nafasi ipo!" Wifi hakuniita. Hakukataa pia. Nimejifanya sisikii. Naandika.

Sasa wingu limeziba jua. Zito hasa. Hapa pampu huzimwa mara moja, fundi alisisitiza, kwa sababu jua likiondoka lile paa linageuka friji, na kinachomwagika bwawani ni maji baridi matupu. Swichi iko ukutani kwangu. Nikinyoosha mkono nimeifikia.

Wifi ameshtuka. Anatazama tundu la bomba pale karibu na miguu yao. Amemvuta Mama kifuani kwake.

"Wifi! Zima! Wifi, Mama anatetemeka!"

Nimesikia. Nitaizima. Nimalizie kwanza sentensi hii