Nondo chini ya kaboni

Jumatano. Upepo tangu asubuhi, vumbi la salfa inayopuliziwa mikorosho limeingia mpaka kwenye chai. Sina hamu ya kula.

Wiki iliyopita alizikwa mama mkubwa, dada yake mama, kule Lupaso. Mimi na mama hatukuwahi.

Mama miguu yake haina nguvu. Kwenye bodaboda hawezi kukaa, anadondoka. Anatembelea baiskeli ya miguu mitatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, niliyomtengenezea mwenyewe hapa Chiungutwa. Shule niliishia darasa la nne, lakini vyuma navipenda.

Mchanga wa huku haupatani na grisi. Ukipaka grisi mchanga unanata, inakuwa msasa. Ndiyo maana sisi mafundi tunapasua betri za tochi zilizokwisha, tunasaga ule mkaa wa katikati, tunauita kaboni, tunaupaka mkavu hivyohivyo. Chuma kinakuwa cheusi, kinateleza.

Ekseli ya gurudumu la mbele niliikata kwenye kipande cha nondo ya kujengea, maana ndicho nilichokuwa nacho. Nikaisugua kaboni mpaka ikang'aa. Siku ile mama alicheka. "Inakwenda yenyewe hii, baba!"

Haikukaa sana, ikaanza kulia. Nikaongeza kaboni. Ikanyamaza, ikalia tena. Nikapaka nene zaidi. Nilidhani haijatosha.

Siku ya msiba ikagoma njiani. Gurudumu halizunguki hata ukisukuma. Nikaivutia kichakani, nikambeba mama mgongoni. Watu wanatutazama, mimi naangalia chini. Nasikia tu shingo yangu inalowa machozi ya mama.

Tunafika, wanaume ndiyo wanarudi kutoka makaburini.

Jirani mmoja wa mama mkubwa akamshika mama mkono. "Tulikusubiri, Mama Saidi. Uso tuliuacha wazi mpaka shehe akasema basi, maiti haikai."

Mama alitaka kuuona uso tu.

Leo nimepanda Newala kwa Fundi Bakari, aliyenifundisha kazi. Nimempa shikamoo, ameitikia marahaba, ameniangalia. "Mbona umelowa jasho kama umenyeshewa?" Nikamtolea ile ekseli. Akaicheka kwanza. "Nondo! Saidi, ulikuwa unajenga choo au baiskeli?"

Nikamweleza kuhusu msiba. Akaacha kucheka.

Akachukua tupa, akapitisha kwenye nondo. Ikang'ata, ikala kama muhogo mbichi. Akapitisha kwenye shafti ya gia ya pikipiki mbovu. Ikateleza, haikuacha hata mkwaruzo. Akasema kaboni ni ngozi tu, inabebwa na kilicho chini yake. Chini kukiwa laini kunabonyea, ngozi inapasuka, mchanga unaingia, chuma kinang'atana na chuma. Hata upake debe zima. Chini kukiwa kugumu, kaboni kidogo tu inatosha, na inakaa.

Nilikuwa naiona ile mikwaruzo kwenye ekseli kila nikiifungua. Naiona, naifunika.

Shafti amenipa. Msumeno umegoma kuikata, tumetumia grenda. Jioni nimeifunga, nimeipaka kaboni nyembamba, nikaifuta na kitambaa. Haitoi hata mlio.

Mama amekaa, amezungusha mpaka kwenye mnazi wa jirani, amerudi. Ameisimamisha baiskeli mbele yangu, mikono juu ya mpini.

"Nzuri," amesema. Kisha: "Sasa nimwendee nani?"

Nikajifanya nakaza nati, na nati zote zilikuwa zimekazwa.

Hajanilaumu hata mara moja. Bora angenilaumu.

Arobaini ya mama mkubwa bado haijafika. Baiskeli itafika Lupaso, hilo nina uhakika. Asubuhi akishaswali nitamuuliza kama atataka kwenda. Sijui nitaanzaje kumwambia.